Filimbi ya Niitaka

Albert Park, Durban
6 Septemba 1998

Mpendwa Mjomba Haroon,

Assalaam alaykum.

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu utotoni. Ni filimbi ya Bibi Zubeda, mama yenu. Jua likianza kushuka alisimama mlangoni mwa jiko lake kule Chatsworth, akaipuliza mara moja tu. Mlio ulianzia chini, ukapanda ukawa mwembamba kama uzi, ukakaa huko juu kidogo, kisha ukakatika. Mtaa mzima ulijua chakula chetu ki tayari. Sijasikia filimbi nyingine inayolia hivyo, si ya refa wala ya polisi.

Bibi alipofariki, na shule za huku zilipochafuka, mama alinileta kwako Mombasa nisome. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Filimbi ile niliibeba ndani ya soksi, ikiwa amana yako. Uliipokea, ukaifungia kwenye droo ya vipuri vya saa. Miaka minane niliyokaa nyumbani kwako sikuiona tena, wala sikuuliza. Sasa nauliza, na sababu ni hii.

Serikali mpya imeweka siku ya mwisho, tarehe 31 Desemba, kwa wote waliohamishwa kwa nguvu zamani za ubaguzi wa rangi kuandikisha madai ya ardhi yao. Asiyeandikwa kufikia siku hiyo hataandikwa tena. Mama anataka kudai kiwanja cha Bluff, kile cha kilimani juu ya bandari. Hana haja ya kujenga huko. Anasema anataka karatasi ya serikali iseme kwamba mwaka 1962 alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa na kwao, na alitolewa. Tangu baba afariki sijamwona akitaka kitu namna hii. Ameinunulia fomu bahasha ya plastiki.

Fomu inauliza nani alipewa kiwanja kwanza, kwa haki gani, na alikuwa nani kwetu. Majibu yote lazima yaapiwe. Nilipomuuliza mama habari za babu yenu Abdallah, alisema, "Muulize mjomba wako," akaendelea kuchambua mchele ambao ulikwisha kuwa safi.

Kwa hiyo nakuuliza. Babu Abdallah alikuwa mtoto wa nani? Kiwanja alikipataje? Na filimbi ile ilitoka wapi?

Mpwa wako,
Muneera

*

Mji wa Kale, Mombasa
21 Septemba 1998

Mwanangu Muneera,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma dukani na lenzi ingali jichoni, nikayaona makosa yako ya nukta makubwa kama mende. Hata hivyo Kiswahili chako hakijaharibika, namshukuru Mungu. Nilidhani Durban itakula kila kitu.

Andika hivi, wala usiongeze. Nyumba ya Bluff ilikuwa ya Bibi Hawa, binti wa watu wetu wale waliokombolewa utumwani baharini wakaletwa Natal. Mwanawe Abdallah alizaliwa humo mwaka 1896 na akafia humo mwaka 1958. Abdallah alimzaa mama yetu Zubeda, na Zubeda akatuzaa mimi na mama yako Fathima. Ukitaka ushahidi, nenda kwa anayetunza daftari la mazishi la msikiti. Utaona limeandikwa Abdallah mwana wa Hawa. Hayo yanatosha kwa fomu yoyote duniani.

Filimbi haina habari. Babu aliinunua bandarini kwa baharia mlevi. Ni chuma chakavu.

Jambo moja la muhimu. Fomu msiitie sahihi huko. Nitumie mimi jinsi ilivyo. Nitaapa hapa mbele ya wakili na kuirudisha kwa mkono wa msafiri kabla ya Ramadhani. Fathima asiape. Mwambie ni mimi niliyesema.

Mke wangu na watoto wanakusalimu. Kula vizuri.

Mjomba wako,
Haroon

*

Albert Park, Durban
9 Oktoba 1998

Mpendwa Mjomba,

Assalaam alaykum. Nimepokea barua yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili barua fupi.

Kuna kitu sikukwambia. Kabla ya kukukabidhi filimbi ile nilikuwa nimeweka karatasi ya daftari juu ya michoro iliyokuwa ubavuni mwake nikasugua kwa penseli. Karatasi ninayo hadi leo. Ijumaa iliyopita nilikwenda nayo Point, ambako meli za Kijapani za kuvua jodari hufunga gatini. Nilikwenda na Agathe, msusi kutoka Uvira, Kongo, ninayeishi naye chumba kimoja. Mke wa mlinzi wa lango ni mteja wake, ndivyo tulivyopita. Afisa mmoja mzee wa meli alitoa miwani, akasoma, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. Alisema ni herufi mbili, na ni jina la mlima. Niitaka. Halafu akaniuliza kwa Kiingereza cha shida nimeipata wapi, nikasema kwa bibi yangu. Akanitazama usoni muda mrefu kidogo.

Jumamosi nilishinda maktaba ya jiji. Niitaka ilikuwa manowari ya Kijapani. Ilishushwa majini Yokosuka mwaka 1902, mabomba matatu ya moshi. Ilipigana na Warusi huko Chemulpo mwaka 1904, na mwaka uliofuata ikawa katika vita vya Tsushima. Vita vikuu vya kwanza vilipokuja Wajapani walikuwa upande wa Waingereza, na mwaka 1917 Niitaka na manowari nyingine zililetwa Cape kulinda njia za meli za huku. Tarehe 26 Agosti 1922 ilikuwa imetia nanga pwani ya Kamchatka, kaskazini kabisa, ikapigwa na tufani, ikapinduka. Walikufa karibu watu mia tatu. Waliookoka hawakufika ishirini. Ukurasa huo niliusoma nimesimama, sijui kwa nini sikukaa.

Filimbi ya namna hii, kitabu kinasema, hushikwa na msimamizi wa mabaharia. Ndiyo inayowaita kazini, ndiyo inayowaita kula. Mtu anayeishika haiuzi kwa sababu ya kulewa. Na kama ni chuma chakavu, Mjomba, mbona droo ile ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwako?

La pili linaniuma zaidi. Kwa nini mama asiape? Kwa nini fomu ije kwako bila sahihi? Nilimsomea Agathe sehemu hiyo, akaacha kitana hewani. Tangu avuke mpaka ameishi kwa hati za viapo, anazijua kuliko wakili. Akaniambia, "Weye Muneera, mutu akikuambia usisaini, yeye atasaini, iko kitu. Kwetu ile ndiyo njia mutu anakulaka shamba ya dada yake."

Nilimjibu kwamba wewe ndiye uliyenilea, na si mtu wa namna hiyo.

"Sikusema iko yeye," akasema. "Nimesema iko kitu."

Sijaituma fomu. Nisaidie nimjibu Agathe.

Mpwa wako,
Muneera

*

Mji wa Kale, Mombasa
27 Oktoba 1998

Muneera,

Waalaykum salaam.

Nilikupokea na sanduku moja na kikohozi. Nilikupeleka shule kwa miguu mpaka ukaona haya ya kuonekana nami. Nikakufundisha kusoma barua za watu wazima. Leo barua zangu zinasomwa mbele ya msusi, na msusi anatoa hukumu. Mwambie huyo rafiki yako duka langu lina upana wa mikono miwili, na sijawahi kuhisi njaa ya shamba. Akija Mombasa nitamtengenezea saa yake bure, apate kujua wakati wa kunyamaza.

Unataka habari za filimbi, basi chukua. Palikuwa na baharia wa Kijapani, mtu mwema, aliyekuwa akija nyumbani kwa Babu siku meli yake ikiwa bandarini. Aliiacha filimbi kwa Babu iwe kumbukumbu. Baadaye akazama na meli hiyo unayoisoma. Ndiyo sababu mama yetu alikuwa akisoma hitima kila mwaka, tarehe tatu ya Mfunguo Nne, mwezi wa Muharram. Alikuwa akimwombea rafiki wa baba yake. Umeridhika?

Mtu hachunguzi nyumba iliyomlea kama polisi anayetafuta bangi. Andika Hawa. Nitumie fomu. Siku zinakwenda, na ukikawia ni mama yako utakayemkosesha, si mimi.

Haroon

*

Albert Park, Durban
15 Novemba 1998

Mjomba,

Assalaam alaykum.

Septemba ulisema mlevi wa bandarini. Oktoba ukasema rafiki wa nyumba. Nimeziweka barua mbili kando kwa kando mezani na hazisalimiani.

Hitima ile naikumbuka. Nilikuwa nikikaa karibu na sahani ya tende nikingoja Bibi amalize. Mwisho wa dua kila mara alisema, "na wote wa merikebu ile." Nilikuwa mtoto, nikadhani anasema safina ya Nuhu. Wewe sasa umenipa tarehe. Wewe pia ndiye uliyenifundisha kuihesabu miezi ya Mfunguo kwa vidole. Kwa hiyo nilikwenda kwa Riyaz, yule anayetunza daftari la mazishi, kwa sababu ana jedwali la kugeuza tarehe. Tarehe 26 Agosti 1922 ilikuwa tarehe tatu ya Mfunguo Nne, mwaka 1341 wa Hijria. Ni siku ile ile manowari ilipozama.

Magazeti ya Durban ya miezi ile nimeyapitia, sikuona hata mstari. Nani katika nyumba ya mabati kule Bluff aliijua siku yenyewe? Nani aliitaka sana hata akaitia katika kalenda yetu isipotee? Na kwa rafiki mmoja mtu humwombea rafiki mmoja. Bibi aliwaombea wote.

Nilikuwa bado kwa Riyaz, nikamwomba anionyeshe Abdallah. Alinionyesha. Abdallah mwana wa Hawa, 1958, kama ulivyosema. Nikamuuliza huyu Bibi Hawa yeye amezikwa ukurasa gani. Riyaz akanitazama akaona sitanii.

"Dada Muneera, hujawahi kusikia talkini?"

Nikamwambia nitaisikia wapi. Wanaume mnakwenda makaburini, sisi tunabaki nyumbani na ubani.

Akanieleza. Udongo ukishafukiwa, mwalimu hukaa kichwani pa kaburi akamfundisha maiti majibu yake, na humwita kwa jina la mama yake. Asiyejulikana mama yake hapa, aliyesilimu akiwa ametoka mbali, huitwa mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama wa watu wote. Na mwandishi wa daftari huandika alichosikia. Riyaz alinifunulia kurasa, tukawakuta saba. Mmoja alikuwa mpishi wa kutoka Goa, wawili Wazulu, mmoja Mwingereza wa reli. "Kama Hawa wako alikuwa akiishi Bluff," akasema, "basi mama huyo alikuwa na safari nyingi." Alicheka peke yake.

Mjomba, ulikuwa na miaka kumi na minane siku ile. Ulilishika jeneza la Babu. Ulisimama pale ukasikia anavyoitwa. Mama na mimi na wanawake wote wa nyumba hii tungeweza kudanganyika kwa jina hilo mpaka kufa. Wewe hukudanganyika hata saa moja, na ukaniambia niliandike.

Orodha ya wapangaji wa viwanja pia ninayo, nakala. Kiwanja chetu kimeandikwa kwa jina la Selemani, na chini yake binti yake Mwanaisha. Mwanaisha ndiye aliyekuja kuwa mke wa Abdallah. Kilikuwa chake tangu kwa baba yake, mtoto wa waliokombolewa. Bibi huyo aliyekuwepo hukunitajia kabisa. Ukanipa ambaye hakuwepo.

Nadhani Abdallah ndiye baharia. Nadhani alitoka Niitaka na hakurudi. Watu walipokuwa wakisema macho ya Bibi Zubeda ni ya Wamalei wa Cape, nyinyi mlikuwa mkinyamaza. Na mimi nina macho hayo hayo.

Nimeona na jambo jingine. Jumapili nilikuwa Chatsworth nikitafuta sindano katika kopo la biskuti la mama, nikakuta barua yako kwake. Mistari mitatu. "Fathima, mtoto amekaribia. Usitie sahihi, usiape, usimwambie. Niachie mimi peke yangu." Nimelisoma hilo neno la mwisho mara nyingi. Peke yako kwa nini? Mama alipoona nimelishika kopo alikaa kitini, akasema tu, "Haroon hajawahi kuniibia hata peremende." Sikuwa nimetaja wizi. Yeye ndiye aliyeutaja.

Nakuomba jibu la kweli. Lisipofika, nitaijaza fomu kwa ninayoyajua, na jina lako halitakuwemo.

Muneera

*

Mji wa Kale, Mombasa
1 Desemba 1998

Mwanangu Muneera,

Waalaykum salaam. Barua hii nampa Ndikumana, mfanyabiashara wa vitambaa anayekuja Isipingo. Pamoja nayo utaikuta filimbi, ndani ya soksi, kama ulivyoileta.

Ni yeye. Jina lake la kwao alilisema mara moja kwa mama, na mama hakuniambia. Aliteremka na wenzake siku ya kupumzika, 1917 au mwaka wa baada yake. Yeye ndiye aliyekuwa na zamu ya filimbi, ya kuwaita wakati wa kurudi chomboni. Mama alipokuwa msichana alimuuliza kwa nini yeye hakurudi, akajibu, "Filimbi nilikuwa nayo mimi. Mimi nani angeniita?" Jibu ni hilo tu. Hakuna aliyepata jingine. Selemani alimkuta amekaa nyuma ya ua wake, hajui neno hata moja, akamfanya mgeni wiki ya kwanza na fundi wa mabati wiki ya pili. Akasilimu, akamwoa Mwanaisha. Miaka arobaini alikaa juu ya Bluff, na sikumwona hata siku moja ameelekeza kiti chake upande wa bandari.

Habari za kuzama alizipata miaka mingi baadaye, kwa mabaharia wa meli ya mizigo. Walimpa siku. Tangu hapo akawa anaisoma hitima mwenyewe, na akifika mwisho alitaja majina, mengi, kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Mama aliyasahau majina, akabaki na "wote wa merikebu ile." Filimbi, Babu alimfundisha mama mlio mmoja, wa chakula. Wa kurudi chomboni alikataa.

Sasa sikiliza langu. Mwaka 1961 walikuja watu wa kuandika rangi, nyumba kwa nyumba. Majirani zetu waliokuwa wameandikwa Wabantu waligeuzwa wakawa Waasia wengineo, ndiyo sababu walitupwa Chatsworth badala ya kwingine. Babu alikuwa ameshakufa. Afisa alimtazama mama usoni muda mrefu, akaniuliza mimi, kijana wa miaka ishirini na moja aliyejua Kiingereza, "Mama yako macho haya ameyatoa wapi?" Nikasema, kwa bibi yake Hawa, mtu wa Zanzibar, aliyemzaa Babu hapo hapo Bluff. Nilikuwa nimelisikia jina hilo makaburini miaka mitatu nyuma, likaja mdomoni lenyewe. Akanipa msahafu. Nikaapa, nikatia sahihi.

Ningesema Mjapani, wangetuuliza mtoro wa manowari alikaa kwa ruhusa ya nani, na wangetutenga na majirani zetu wote. Nadhani hivyo. Hata leo sijui kama ningesema kweli kingetokea nini, na hilo ndilo linalonila. Miaka miwili baadaye nikaja huku. Watu husema niliikimbia serikali. Nilikuwa nakikimbia chumba kile.

Fathima nilimkataza kuapa kwa sababu fomu ingemtaka aliapie lile lile. Kiapo cha uongo mimi ninacho tayari, cha pili kingeniongezea kidogo. Yeye hana hata kimoja. Nilipoandika niachie mimi peke yangu, nilikuwa nataka hicho tu. Wewe ukaona mwizi. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekufundisha kusoma barua za watu wazima.

Lakini nakuomba, usiyaandike. Andika Selemani na Mwanaisha ikibidi, habari ya Babu ruka. Hapa mtaani mimi ndiye ninayeitwa nikae shahidi wa ndoa za watu, neno langu halirudiwi mara mbili. Ikijulikana niliapa uongo juu ya msahafu, hakuna atakayeniita tena, na wanangu watauliza. Barua hii ukishaisoma ichome.

Mjomba wako,
Haroon

*

Chatsworth, Durban
30 Desemba 1998

Mpendwa Mjomba Haroon,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema.

Ndikumana alifika tarehe kumi na tisa. Siku hiyo fomu ilikuwa tayari imejazwa, bila jina lako. Nakwambia kwa sababu sitaki na mimi niwe na droo. Nilikushuku wizi zaidi ya miezi miwili, na nilikuwa nimeanza kuona raha ya kuwa sahihi. Agathe alipoisikiliza barua yako alisema, "Eish. Huyu muzee alibeba peke yake." Kisha, kwa kuwa ni Agathe, akaongeza, "Lakini alibeba vibaya."

Nilikuja Chatsworth siku ile ile. Nilimsomea mama kila neno. Alikuwa akijua nusu. Ya Babu aliyajua, Bibi alimwambia alipokuwa akiumwa mwishoni. Ya kiapo chako hakuyajua. Siku ile ya afisa alikuwa amepelekwa dukani kununua chumvi, na anasema mpaka leo alikuwa akishangaa kwa nini aliporudi hukula. Alikaa na filimbi mapajani. Halafu akasimama, akaenda mlangoni mwa jiko. Mara mbili ilitoka pumzi tupu. Ya tatu ikalia, Mjomba, ikapanda pale pale, ikakatika pale pale. Ng'ambo ya barabara mzee mmoja aliyekuwa akifungua lango lake aliacha mkono juu ya komeo, akageuka.

Mama akasema, "Mimi nitaapa mwenyewe."

Nilimkumbusha ulivyoomba. Akasema ameomba miaka thelathini na sita kutajwa kwamba alikuwa na kwao, na hataanza kwa kumficha mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba ni Bibi Mwanaisha. Akasema, "Basi wote wawili."

Fomu ile niliichana, tukaandika upya. Kiwanja cha Selemani, akakirithi binti yake Mwanaisha. Mume wa Mwanaisha ni Abdallah, aliyekuwa baharia wa manowari ya Kijapani Niitaka, mwana wa Hawa. Mama alitaka neno hilo la mwisho libaki, na sasa ni kweli. Chini yake wajukuu waliokuwa ndani siku ya kutolewa. Jina lako ni la kwanza, la mama ni la pili.

Palikuwa na mahali pa ushahidi. Kuhusu kiwanja nilikuwa na orodha ya wapangaji. Kuhusu Babu sikuwa na kitu ila karatasi ya penseli na jedwali la tarehe, na katika majalada yao iko karatasi ya mwaka 1961, yenye sahihi yako, inayosema alizaliwa Bluff. Ingetoka mbele ya kiapo cha mama, wangemwona yeye ndiye mwongo. Katika walio hai, anayeweza kusema karatasi ile ni ya uongo ni wewe tu. Ulitaka uachiwe peke yako, na hilo sikuliweza.

Barua yako sikuichoma. Niliitafsiri kwa Kiingereza asubuhi tatu mfululizo, neno kwa neno, hata lile la macho ya Bibi. Niliapa kwamba tafsiri ni sahihi. Hicho ni kiapo changu cha kwanza maishani.

Huenda usiniandikie tena. Huenda watu wa mtaa wako wasijue kamwe, kwa kuwa jalada liko Durban na wao wako Mombasa. Au huenda wakajua. Nimelipima hilo siku kumi na sikulipatia uzito wake. Filimbi iko kwa mama, haina kufuli, na tarehe tatu ya Mfunguo Nne tutaisoma hitima hapa. Mahali pako pameachwa.

Jana saa nne asubuhi tulikuwa mbele ya dirisha la ofisi, watu wengi nyuma yetu. Mama alitia sahihi. Karani akahesabu kurasa, akaipiga muhuri barua yako kila ukurasa, akaiandika kielelezo namba tatu. Nimeshaikabidhi.

Mpwa wako,
Muneera